Mama wa Kulik ya Pili

Barua ya jeshi la majini ilipofika, Salomea Formela aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena akiwa amekaa jikoni, kisha akachukua kalamu akajibu nyuma ya bahasha ileile: "Siji." Alikuwa na miaka sabini na saba, na magoti yake yalilalamika kwenye kila ngazi ya ghorofa, lakini mkono wake wa kuandika haukuwa na ugonjwa wowote. Chini ya neno lile akaongeza: "Siji mpaka jina la Walek Dudzik liwemo kwenye ubao."

Barua yenyewe ilikuwa ya heshima, hakuna aliyemtukana. Ilisema manowari mpya, Kulik ya tatu, itabatizwa Desemba kwenye gati la Gdynia, na mama yake wa ubatizo atakuwa daktari mmoja wa watoto. Salomea, mama wa Kulik ya pili, aliombwa asimame karibu na huyo daktari amkabidhi umama mbele ya watu. Mwisho waliambatanisha picha ya ubao wa shaba utakaotundikwa ndani ya meli, wenye majina ya wote waliokufa wakilitumikia jina la Kulik. Kulik ya kwanza ilizamishwa karibu na rasi ya Hel Septemba mwaka 1939, ikaondoka na mabaharia kumi na mmoja, na wote walikuwemo. Chini yao paliandikwa: "Kulik ya pili, 1967 hadi 1991: hakuna aliyepotea."

"Hakuna!" Salomea alifoka peke yake, paka akaruka kutoka dirishani. "Walek ndiye hakuna?"

Umama huu haukumjia kwa kuomba. Mwaka 1967 alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya meli, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye kilemba kichwani na miwani myeusi usoni. Wakubwa walitaka chupa ya mvinyo ya kuibatiza meli ivunjwe na mfanyakazi, si mke wa jenerali, wakamchagua yeye. Wenye midomo yao walisema alichaguliwa kwa kuwa ndiye mwanamke pekee pale ambaye cheche hazijamchoma usoni. Waseme! Salomea alilitwaa jambo lile kwa moyo wote, kwa sababu mabamba ya omo, yaani pua ya ile meli, aliyaunga kwa mkono wake mwenyewe. Aliirusha chupa kwa nguvu kiasi kwamba vipande viliruka hadi kwenye kofia ya kiongozi wa chama, na watu wakacheka wakiwa wamefunga midomo.

Ukishavunja chupa, umekuwa mama wa meli hiyo mpaka kufa, na mabaharia wake ni wanao, hata wakiwa na ndevu. Serahangi wa Kulik, Alojzy Bizewski, aliyekuwa akisimamia mabaharia wote wa sitahani, alimzidi umri Salomea kwa miaka minane. Alianza kumwita Mama siku ileile, kwa utani, jina likaganda. Salomea na mumewe Brunon, dereva wa basi la umeme, hawakujaliwa mtoto. Basi wale vijana walioletwa jeshini kutoka bara, ambao bahari walikuwa wameiona kwenye kalenda tu, walikuja kwake Jumapili kula supu. Aliwafumia soksi, akawakemea wakilewa, akawasimamia waandike barua kwao. "Humwandikii mama yako, hupati supu," alikuwa akiwaambia, na hakuwa anatania.

Sikukuu ya jina lake, siku ya mtakatifu Salomea katikati ya Novemba, nyumba ilijaa hadi watu wakala wamesimama. Miaka ya mwanzo walikuja pia wazee wa Kulik ya kwanza, wenye masharubu, wakakaa kwenye kichwa cha meza bila kukaribishwa.

"Nyinyi nanyi mnasema mna meli," mzee mmoja wao alikuwa akiwachokoza kila mwaka. "Mna kopo la dagaa lenye injini."

"Babu, ya kwako iko wapi?" Alojzy alimjibu. "Iko chini, inafuga samaki."

"Iko chini kwa sababu ilipigana, mpumbavu wewe! Nipitishie huyo samaki wa heringi."

Wale wazee wamekwisha kufa wote, na sasa akina Alojzy ndio wanaokaa kichwani mwa meza na kuisema Kulik ya tatu. Si manowari, wanasema, ni kompyuta imetupwa majini, umeme ukikatika watarudi wakiogelea. Salomea huwacheka. Chuma cha Kulik yake kilikatwa vipande kikauzwa, yeye mwenyewe aliona wanavyokikata na akalia kama amefiwa. Lakini jina lilibaki, na wanaume wazima waliendelea kuapa kwalo.

Walek Dudzik alikuwa mmoja wa wale wa supu. Alitoka kijiji kimoja kusini, upande wa Rzeszów, mwendo wa siku nzima kwa treni. Alikuwa na miaka ishirini, mpole, mwepesi wa kucheka, na alimenya viazi kwa ganda jembamba hadi Salomea akaona haya kwa jinsi yeye anavyomenya. Kila wakati alimtaja dada yake mdogo, Stefania. Novemba mwaka 1974 Kulik ilirudi bandarini bila Walek. Ripoti ilisema alijirusha majini karibu na kisiwa cha Bornholm ili aogelee kwa Wadenmark, na kwamba ni mtoro na msaliti wa nchi.

"Kuogelea?" Salomea aliwaambia wakubwa waliomwita kumhoji. "Yule mtoto hakujua kuogelea. Hata pwani hapa, mwezi Julai, maji yakimfika magotini anarudi nyuma!"

Walimwonya afunge mdomo. Hakufunga. Wakamtoa kwenye uchomeleaji, wakampeleka stoo kuhesabu misumari miaka miwili. Alisafiri hadi kwa mama yake Walek, na mama yule alimfungia mlango usoni bila kusema neno. Utawala ulipobadilika aliandika upya, mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba ripoti ina sahihi ya shahidi aliyekuwepo, na shahidi huyo hatajwi. Nahodha alikuwa amekufa, na afisa wa siasa, mtu wa chama melini aliyeiandika ripoti, alikuwa amekufa pia. Ungedhani mwanamke angechoka. Wapi!

Siku ya tatu baada ya jibu lake kutumwa, alikuja Luteni Kinga Wrońska, afisa wa Kulik ya tatu, akiwa na keki mkononi.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Mimi si mama yako. Mimi ni mama wa Kulik ya pili."

"Basi shikamoo, bibi."

"Bibi ni huko kwenu. Ingia, baridi inaingia."

Kinga aliingia, akakata keki mwenyewe, na hilo Salomea alilipenda. Kisha alisema amelichimbua faili la Walek. Shahidi alikuwa mmoja tu, na bado yu hai. Akiikana ripoti kwa maandishi, na ndugu wa marehemu akitia sahihi ya kuridhia, jina litaingia. Fundi wa kuchonga ataanza kazi tarehe ishirini na tano Novemba. Baada ya hapo ubao utatundikwa ulivyo, na hakuna atakayeufungua tena.

"Nani huyo shahidi?"

Luteni alikitazama kikombe chake. "Serahangi Bizewski."

Alojzy! Mtu aliyembeba Brunon kaburini, aliyemtengenezea bomba la jikoni, aliyekaa kwenye kiti kilekile miaka arobaini na saba akimsikiliza anavyomlilia Walek, akamwongezea chai na kutikisa kichwa!

Sikukuu ya jina lake ilikuwa siku nne mbele. Hakumpigia simu, kwa kuwa alitaka amwangalie machoni. Alijua atakuja saa moja kabla ya wengine, ndivyo alivyokuwa akija kila mwaka, na mikarafuu myekundu kwenye karatasi. Na kweli alikuja, na miaka yake themanini na mitano, akihema kwa sababu ya ngazi.

"Heri ya jina lako, Mama," akanyoosha maua.

Salomea hakuyapokea. "Ni wewe uliyetia sahihi."

Mzee alibaki na mkono umenyooka. Hakuuliza sahihi gani. Aliweka maua mezani polepole, akakaa bila kukaribishwa, na kofia yake akaishika magotini.

"Ni mimi."

"Alijirusha?"

"Hapana."

"Basi alikwendaje majini? Sema, Alojzy! Nimekuuliza usoni, usiiangalie sakafu yangu!"

"Siku ile ilikuwa kama leo," alisema. "Sikukuu ya jina lako. Unajua tulivyokuwa tukifanya."

Alijua. Popote Kulik ilipokuwa siku hiyo, mabaharia walifunga shada la maua mbele kabisa, kwenye omo, juu ya pale alipovunjia chupa. Alojzy ndiye aliyeuanzisha mchezo huo, na kila mwaka walimletea picha. Alikuwa na kasha zima la picha hizo.

"Bahari ilichafuka tangu alfajiri," Alojzy aliendelea. "Nahodha akasema mwaka huu maua basi. Mimi nikasema moyoni, Mama hatakosa maua mimi nikiwa serahangi. Nilikuwa na kichwa kigumu, Mama, na majivuno. Nikamwita Walek kwa sababu alikuwa mtoto wa supu yako. Nikamwambia, nenda kamfungie Mama maua yake. Alikwenda anacheka. Sikumfunga kamba. Nilijiambia ni nusu dakika tu. Likaja wimbi moja, na kufumba na kufumbua omo ilikuwa tupu. Tulizunguka pale kwa muda wa saa tatu."

Salomea alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Miaka yote hii alikuwa akiutaka ukweli, akiupigania, na ukweli ulikuwa huu: kijana alikufa akimfungia yeye maua.

"Afisa wa siasa alikuwa ameandika kabla hatujafika bandarini," mzee alisema. "Taa za Bornholm zilionekana, zikamfaa. Akaniambia, ama kijana ametoroka, ama wewe umemuua, chagua. Nilikuwa na watoto wawili."

"Na huyo afisa alipokufa? Na wao walipoondoka madarakani? Miaka thelathini, Alojzy! Ulimwogopa nani?"

"Wewe." Mzee aliigeuzageuza kofia magotini. "Ningekuambiaje alikufa kwa ajili ya maua yako? Nikasema acha nibebe mwenyewe."

"Ulibeba?" Salomea alisimama. "Wewe ulibeba? Ulimtwisha mama yake! Yule mama alitembea kijijini kwake akiitwa mama wa msaliti mpaka akazikwa, wewe unakunywa chai yangu hapa!"

Alojzy hakujitetea. Alisema ataandika, leo hii, popote atakapoambiwa. Kisha akainua macho.

"Ila tuandike alikwenda kukaza kamba ya nanga. Kamba tu, Mama. Jina litaingia vilevile, na wewe hutaguswa na chochote. Mimi nitasema ni amri yangu, ambayo ni kweli."

Msidhani Salomea hakutamani. Alitamani sana. Aliwaona akilini watu wa sherehe ya Desemba pale gatini wakinong'onezana kwamba mama wa Kulik ndiye huyo wa maua. Aliliona lile kasha la picha, ambalo hatalifungua tena. Kamba ya nanga ilikuwa uongo mdogo, laini, na hakuna aliye hai ambaye angeupinga.

"Hapana," alisema mwishowe. "Dada yake akiniuliza kaka yangu alikwenda kufanya nini huko mbele, nimwambie kamba? Uongo mmoja umetutosha. Chukua kalamu. Andika maua, andika ya nani, andika sikukuu gani."

Wageni walianza kusikika kwenye ngazi, wakitaniana na kukohoa. Salomea alimuuliza, "Utawaambia wewe au niwaambie mimi?" Alojzy aliwaambia mwenyewe, akiwa amesimama, wazee tisa wa Kulik ya pili wakiwa na makoti yao bado mwilini. Hakuna aliyegusa heringi. Hubert, aliyekuwa mpishi wa meli, mtu wa mizaha siku zote, alifuta pua kwa mkono.

"Sote tulijua hakuwa anajua kuogelea," Hubert alisema. "Sote, Alojzy. Hakuna aliyefungua mdomo."

Tarehe ishirini na mbili Salomea na Alojzy walipanda treni kwenda kusini. Watoto wa Alojzy walimkataza, wakasema moyo wake hauwezi safari. Salomea naye alimwambia karatasi inatosha, abaki. Alikataa. Katika behewa hawakuongea karibu siku nzima. Karibu na Kraków, Salomea alimenya yai la kuchemsha, akalikata, akampa nusu bila kumtazama, naye akalila.

Stefania Dudzik alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mnene, mwenye mikono ya kazi, anaishi peke yake katika nyumba ileile. Aliwasikiliza akiwa amesimama jikoni, mgongo umeegemea jiko. Alojzy alisoma karatasi yake mwenyewe. Alipofika pale Walek alipokwenda na maua akicheka, Salomea alimkatiza.

"Maua yalikuwa yangu," alisema. "Ilikuwa sikukuu ya jina langu. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu, si kwenye karatasi. Alikuja kwangu kula kama mtoto wangu, na akafa kwa ajili ya shada la maua nililokuwa nikilifurahia. Sikujua, lakini lilikuwa langu. Ukitaka kutufukuza, tufukuze. Ila tia sahihi kwanza, ili jina lake lirudi."

Stefania hakufukuza mtu. Alikuwa ameukunja uso kama anayepiga hesabu ngumu.

"Mama alisema yuko Denmark," alisema. "Sisi tuliamini. Wakubwa walisema ametoroka, na mama akasema, basi yu hai, atakuwa ameoa huko, ana gari. Mwaka wa kwanza tulimngojea mtu wa posta kila siku. Halafu mama akaanza kumkasirikia. Akasema, hata kadi ya Krismasi? Hata mstari mmoja? Alipokuwa anakufa aliniambia, akiandika, usimjibu." Alijipangusa mikono kwenye sketi. "Na mimi nilimchukia kuliko mama. Aliniahidi ataniandikia kutoka kila bandari. Nimemchukia hadi leo asubuhi."

Jambo hili Salomea hakuwahi kuliwaza. Miaka yote alikuwa akipigania heshima ya Walek, kumbe katika nyumba hii hakuna aliyekuwa akililia heshima.

Stefania alimgeukia mzee. "Maji yalikuwa baridi?"

"Baridi sana, binti yangu. Novemba."

"Alikaa muda gani? Niambie kweli."

"Dakika tano," alisema Alojzy. "Kwa baridi ile, hata tano hazifiki."

"Tano," Stefania alirudia. Mkono ukaenda mdomoni. "Basi hakupata nafasi ya kuniandikia."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kama msichana wa miaka kumi na minne, akiita jina la kaka yake ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu mama yake azikwe. Salomea alimshika mabega, naye hakumsukuma. Walikaa hivyo mpaka kahawa iliyokuwa motoni ikachemka ikamwagika juu ya jiko na hakuna aliyeiondoa.

Alipotulia, Stefania alivuta karatasi akatia sahihi, kisha akaandika jina kamili pembeni kwa herufi kubwa, Walerian Dudzik, ili fundi asikosee. Alojzy alikuwa bado amesimama pale mlangoni na kofia mkononi, miguu inamtetemeka.

"Kaa, babu," Stefania alimwambia, akamsogezea kiti. "Kaa, utaanguka. Halafu uniambie alikuwa akicheka nini."